Kulwa Kaondokewa

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Leo nimerudi Redio Kazeh baada ya miaka miwili ya kustaafu, na haijafika saa nne nilikuwa nimeshagombana. Ndiyo maana nimetafuta daftari. Nikigombana na watu huwa nasahau nani alianza, na safari hii sitaki kusahau.

Wameniita kwa mkataba wa miezi mitatu. Kituo kinatimiza miaka hamsini tarehe 13 Februari na wanataka kitabu cha historia. Anayesimamia ni binti anaitwa Advera, mtu wa Bukoba aliyeletwa kutoka Dar, umri wake hata binti yangu Levina anamzidi. Kanisalimia vizuri, shikamoo mama, kanivutia kiti, kanipa rasimu. Nilijua tu. Kitabu kinaanza na misafara. Kila mgeni akitia mguu Tabora lazima aanze na misafara: wapagazi, pembe za ndovu, na jinsi habari zilivyotembea kwa miguu kutoka Ujiji mpaka pwani. Nikamwambia sisi hatukuwatangazia wapagazi. Akacheka. Mimi sikuwa nachekesha.

Ukurasa wa arobaini na moja ndio ulionipandisha presha. Kichwa chake ni "Makosa Tuliyojifunza Kwayo". Naunakili hapa ili asije mtu akasema nimezua: "Februari 1993, mtangazaji Anselm Kasanda alisoma kwamba amefariki Kulwa Lugembe, mkazi wa Kaliua, ilhali aliyefariki ni pacha wake Doto, mkazi wa Lusu, Nzega. Mama yao, aliyekuwa Urambo kwa binti yake, alipanda treni kwenda Kaliua. Doto akazikwa Lusu mama yake hayupo."

Anselm Kasanda alikuwa mume wangu. Baada ya tangazo lile walimtoa kwenye kipaza sauti wakampeleka kwenye mitambo, njia ya Kwihara, awe anapima mafuta ya jenereta. Kapima mafuta miaka kumi na sita mpaka alipofariki mwaka 2009. Mtu mwenye sauti ile. Mtaani wakamwita Bwana Doto, na mwanangu akaitwa mtoto wa Bwana Doto mpaka alipomaliza shule.

Sasa nieleze kazi ilivyokuwa, maana hawa watoto wa siku hizi hawajui. Tangazo la kifo lilikuwa linapita mikono mitatu. Mimi, Consolatha, mpokea matangazo, napokea simu na kuandika kwa penseli kwenye daftari la mapokezi. Kisha nalinakili kwa wino kwenye karatasi safi, kwa lugha ya redio. Karatasi inakwenda kwa mkuu wa matangazo, anaipitia na kutia sahihi. Ndipo mtangazaji anapewa. Mtangazaji hasomi kichwa chake, anasoma karatasi. Na mkuu wa matangazo mwaka ule alikuwa Fideli, yule yule ambaye picha yake imejaa ukurasa mzima wa rasimu, "Sauti ya Dhahabu". Fideli alipenda sana kurekebisha karatasi za wenzake. Mimi niliandika sawasawa. Sijawahi kukosea jina la marehemu hata mara moja. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguoni mwetu alikuwa Fideli.

Kitabu kinakwenda kwa mpiga chapa mwisho wa Januari. Kabla ya hapo jina la Anselm litatoka ukurasa huo na la Fideli litaingia. Nimemwambia Advera hivyo hivyo. Akasema tutaangalia mama. Tutaangalia ni neno la watu wasiotaka kuangalia.

Jumatano, 6 Novemba

Joto. Mvua inazunguka tu huko Sikonge. Advera ameandika "matangazo yalirushwa masaa kumi". Nimemsahihisha: saa kumi, si masaa.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimeshinda stoo. Mchwa wamekula mwaka 1981 wote. Advera alitaka kujua tepu za zamani ziko wapi, zile za uzinduzi, za watu wa kwanza kusoma habari. Nikamwambia zilifutwa. Tepu zilikuwa chache, kwa hiyo tulirekodi bei za pamba juu ya sauti za watu, na juu ya bei za pamba tukarekodi hotuba, na juu ya hotuba kwaya za Wamoravian. Aliweka kalamu chini kama aliyeambiwa msiba. Nusura nimwonee huruma.

Aliuliza pia kama ni kweli watu walikuwa wakianika betri juani ili zisikie salamu. Nikamwambia si betri zilizosikia salamu, ni watu. Lakini ndiyo, walianika. Kuanzia Nzega mpaka Kaliua, saa saba na nusu mchana hapakuwa na jembe lililoinuliwa, watu walikuwa wanasubiri kusikia nani amefariki. Simu hakuna, barua inachukua wiki mbili. Sisi ndio tulikuwa tunawafikishia watu maiti zao. Hilo aliliandika.

Jumanne, 19 Novemba

Mvua ya kwanza. Paa la stoo linavuja juu ya rafu ya miaka ya tisini. Nimesogeza maboksi peke yangu huku walinzi wakinitazama.

Alhamisi, 28 Novemba

Nimekwenda Isevya kwa Fideli.

Miaka thelathini na moja sijampa shikamoo. Ananizidi miaka kumi na sita, na huku kwetu kumnyima mkubwa shikamoo ni tusi kuliko tusi. Tukikutana kanisani nasema "habari za leo" kama ninayemwambia muuza nyanya. Leo pia nilisema habari za leo. Alikuwa barazani amejifunika blanketi na joto lote hili. Koo limemharibika; Sauti ya Dhahabu sasa inakwaruza kama chungu kinachoburutwa sakafuni. Nikiri kwamba nilifurahi.

Nilimwambia kilichonileta. Nikamkumbusha siku yenyewe, Jumanne ya tarehe 16, mimi nina mimba ya miezi saba ya Levina, nimekabidhi karatasi nikaenda kliniki, hata tangazo lenyewe sikulisikia. Nikamwuliza aliibadilishaje karatasi yangu, kwa kalamu gani, na usingizi wake ukoje. Yeye akavuta blanketi mpaka kidevuni. Mkewe akaleta chai, sikuigusa.

Mwisho akasema, "Consolatha, rudi nyumbani ukapumzike."

Nikamwambia nitapumzika jina lake likishaandikwa panapostahili. Akafumba macho. Nikaondoka bila kuaga. Njiani mvua ikanikuta na mwavuli nimeuacha kwake, sikurudi kuufuata. Abaki nao, umfae jehanamu.

Jumatatu, 2 Desemba

Mkewe Fideli ameleta mwavuli ofisini. Nimemwambia mlinzi aupokee.

Jumanne, 10 Desemba

Nilijua kuna njama. Leo Advera kanifuata stoo, akafunga mlango, akaketi juu ya boksi kwa adabu zote. Anasema amefikiri, anaona ile sura ya makosa tuiache yote. Hakuna Kulwa, hakuna Doto, hakuna Anselm. Kitabu ni cha sherehe, kwa nini tuwaumize watu.

Nikamwuliza nani kamtuma. Hajatumwa na mtu, anasema. Nikamwuliza kama Fideli amempigia simu. Akageuza macho kwenye maboksi, na hilo likanijibu. Nikamwambia hivi: mume wangu amesemwa mjini hapa miaka yote, vilabuni, sokoni, hata siku ya msiba wake kuna aliyesema tutangaze amekufa pacha wake. Mkifuta sura mtakuwa mmeuficha uongo, hamjauondoa. Sura ibaki, na ukweli uandikwe, na kama hamtaki naandika barua kwa mkuu wa kituo na nakala kwa bodi.

"Mama, nakuomba," alisema. "Hili tuliache."

Nikamwambia binti wa watu, umekuja Tabora juzi, hujui hata maji yake yanachemshwaje. Alitoka machozi yakimlengalenga. Barua nimeiandika jioni hiyo hiyo na kesho naipeleka kwa mkono wangu.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Levina hakuja, mvua imekata barabara. Nimekula peke yangu wali na kuku wa kienyeji mgumu kama mimi.

Alhamisi, 2 Januari 2025

Mkuu wa kituo amejibu barua. Sura inabaki, "kwa kuzingatia ushahidi utakaopatikana". Advera ananisalimia bila kuniangalia.

Jumanne, 7 Januari

Nimelipata. Nimelipata.

Daftari la mapokezi, Januari hadi Juni 1993, lilikuwa chini ya rafu iliyovujiwa, limevimba, jalada limeshikana na gazeti. Nililikausha kwa pasi, ukurasa mmoja mmoja, kutwa nzima. Tarehe 16 Februari ipo. Penseli imefifia lakini mwandiko ni wangu, ile K yangu yenye mkia: "Simu, posta Nzega, saa 4 asb. Kulwa kaondokewa (Kaliua). Doto Lugembe. Lusu. Kifusi, shimo la dhahabu. Mama yupo Urambo aje upesi, kuzika kesho."

Kaondokewa. Kulwa kaondokewa na pacha wake. Mpiga simu hakutaka kulitamka neno la kifo karibu na jina la pacha. Wengi walikuwa wanafanya hivyo, wanamtaja aliyebaki ndipo wanakuja kwa aliyekwenda. Mtu mwingine angechanganyikiwa, mimi sikuchanganyikiwa. Nilisikia sawa, nikaandika sawa. Mbele ya Mungu na wanadamu, mkono wa kwanza ulikuwa safi.

Basi imebaki karatasi yenyewe iliyosomwa hewani. Ilibanwa kwenye faili la Anselm, najua, maana kila kosa lilikuwa linabanwa na karatasi yake. Mafaili ya watumishi yako kwenye kabati la chuma na ufunguo anao Advera. Kesho nauchukua, kwa hiari yake au kwa kelele.

Leo nimeimba nikipika. Jirani kaniuliza kulikoni.

Jumatano, 8 Januari

Niandike kama ilivyokuwa, kwa mpangilio.

Niliingia ofisini kwa Advera saa tatu na nikaliweka daftari juu ya meza yake. Nikamsomea. Nikamfafanulia kuondoka na kuondokewa, kwamba aliyeondoka ndiye marehemu na aliyeondokewa ndiye mfiwa, kama ninayefundisha darasa la tatu. Alisoma mwenyewe, akasoma tena. Akasema mama hii inatosha, tuandike kwamba mpokea matangazo alipokea sawa na kosa likatokea baadaye, hatutaji mtu. Nikasema nataka faili. Akasema faili la nini tena mama, umeshashinda. Nikasema nataka kuona kalamu ya Fideli. Akasimama mbele ya kabati, kabisa, mgongo kwenye mlango wake. Nikapaza sauti. Nilimwita kibaraka wa Fideli. Nilisema nadhani na mengine ya mama yake, siyaandiki. Watu wakajaa mlangoni.

Akatoa ufunguo. Aliwafukuza watu, akafunga mlango, akanipa faili mkononi, akaenda kusimama dirishani.

Karatasi ilikuwepo. Wino wa buluu. K yenye mkia.

"Tunasikitika kutangaza kifo cha Kulwa Lugembe, aliyeondoka duniani kwa kufukiwa na kifusi. Msiba uko nyumbani kwake Kaliua na mazishi ni kesho. Habari ziwafikie mama yake mzazi aliyeko Urambo, ambaye anaombwa kufika Kaliua upesi, na ndugu yake Doto Lugembe wa Lusu, Nzega, popote alipo."

Hakuna kalamu ya mtu mwingine pale. Fideli ametia sahihi chini, basi. Ni mimi. Nilisikia kaondokewa, nikaandika kaondokewa, halafu nilipoketi kunakili kwa lugha nzuri ya redio nikalisoma "kaondoka", nikaliona ni neno la mitaani, nikalipamba likawa ameondoka duniani. Nilipokwisha kumwua Kulwa, nyumba ya msiba ikawa Kaliua yenyewe. Na Doto, aliyekuwa amelazwa Lusu chini ya shuka, nikampelekea taarifa popote alipo.

Nyuma ya karatasi kuna barua ya Anselm ya kujieleza. Nainakili neno kwa neno.

"Mkuu wa Kituo. Kosa la tarehe 16 ni langu peke yangu. Karatasi iliandikwa sawasawa kwamba marehemu ni Doto. Mimi nilichanganya majina ya mapacha nilipokuwa nasoma. Mpokea matangazo hahusiki kwa lolote. Niko tayari kwa adhabu. A. Kasanda."

Uongo mtupu. Mwandiko wake mzuri, mistari imenyooka. Na chini yake: "Nimelinganisha na karatasi, maelezo ni kweli. Fideli, Mkuu wa Matangazo."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilimwuliza Advera alilijua hili tangu lini. Akasema tangu Novemba, wiki ya pili. Alipoliona alikwenda kwa mzee Fideli kuuliza, na mzee akamwambia Anselm alimwapisha asiseme, kwamba mimi nilikuwa kibarua, nina mimba, wangenifukuza siku ile ile. Anselm alikuwa mwajiriwa wa kudumu, akadhani atapewa onyo tu.

"Nilitaka kukuficha," alisema. "Nisamehe mama."

Ananiomba msamaha yeye. Nilifunga faili nikatembea mpaka nyumbani kwa miguu, kwenye mvua, mwavuli nimeushika mkononi sikuufungua.

Alhamisi, 9 Januari

Sikwenda kazini.

Ijumaa, 10 Januari

Sikwenda.

Jumapili, 12 Januari

Padri kahubiri habari ya subira. Nimetoka kabla ya sadaka.

Jumatano, 15 Januari

Nimemkasirikia Anselm. Naandika na asome huko aliko. Nani alikuomba? Miaka kumi na sita tumelala kitanda kimoja, kila wiki mimi namlaani Fideli wewe ukiwa unakula, na wewe unasema "tuyaache Consa, ugali unapoa". Nilidhani wewe ni mpole. Nilidhani hata wewe ni mwoga kidogo, na siku moja nilikwambia hivyo mbele ya watoto wa dada yako, kwamba mwanamume mwingine angepigania jina lake. Ukanawa mikono ukaondoka kwenda kupima mafuta. Ulishindwa nini kuniambia? Ningelia siku mbili, ningefukuzwa, tungelima tumbaku Urambo kama watu wengine. Umenifanya mimi ndiye mtu mbaya katika nyumba yangu na hukunipa taarifa.

Na mimi niliyejua Kiswahili kuliko wote pale. Niliyekuwa nawasahihisha watangazaji korido nzima wananicheka kisirisiri. Kumbe Kiswahili changu ndicho kilichompakia mama wa watu kwenye treni, kikampeleka magharibi, mwanawe akazikwa kaskazini.

Levina kapiga simu. Nimemwambia. Akasema, "Kwa hiyo baba alikuwa anajua?" Nikasema alikuwa anajua. Akakata simu. Amenitumia ujumbe baadaye kwamba atapiga akiwa tayari.

Jumatatu, 20 Januari

Isevya. Fideli yuko palepale na blanketi lake. Nilipiga goti nikasema shikamoo mzee. Hakusema marahaba. Alinionyesha kiti.

Nilimweleza kwamba nimeona faili. Akatikisa kichwa, kasema alimwambia Anselm mara nyingi anieleze, na Anselm alikuwa anasema mwaka ujao. Baadaye Fideli mwenyewe akaona ni nafuu nimchukie yeye, kwani bila yeye wa kumchukia ningebaki na nini. Alisema kwa ile sauti yake ya kukwaruza, bila uchungu, na ndicho kilichonichoma. Nilitaka anitukane. Sikujua kumbe miaka yote nilikuwa naazima mgongo wa mtu kubebea mzigo wangu.

Nilimwuliza kwa nini alitia sahihi uongo. Akasema alikuwa na haraka siku ile, hakuilinganisha karatasi na daftari kama alivyopaswa, kwa hiyo hata yeye hakuwa msafi. Kosa lilikuwa na wenyewe wawili, aliyelipa ni wa tatu.

Chai ilikuja, safari hii nikainywa.

Alhamisi, 23 Januari

Nimeandika ukurasa wa arobaini na moja upya. Mistari sita. Jina langu kamili lipo, kwamba mpokea matangazo Consolatha Kasanda ndiye aliyekosea alipokuwa ananakili, kwamba mtangazaji Anselm Kasanda alisoma sawasawa alichopewa na akabeba lawama isiyo yake. Fideli ameruhusu jina lake liandikwe pia.

Advera hakutaka. Tumegombana tena, lakini sasa ni mimi niliyekuwa nasema taratibu na yeye ndiye aliyepaza sauti. Anasema watu wa mjini watanimaliza, kwamba nilitaka jina la mume wangu lisafishwe na lingeweza kusafishwa bila mimi kujichafua. Nikamwuliza anajua sabuni gani hiyo. Alikaa. Kisha akachukua kalamu akarekebisha koma yangu moja, na alikuwa sahihi.

Jumatatu, 27 Januari

Kitabu kimekwenda. Mvua siku ya tano. Mpunga wa watu bondeni umezama.

Alhamisi, 6 Februari

Advera kanipangia dakika nne kwenye matangazo ya sherehe. Kaniuliza nitasema kwa mtindo gani. Nikamwambia sijui mtindo mwingine zaidi ya ule wa matangazo ya vifo.

Alhamisi, 13 Februari

Sherehe. Keki, kwaya, wakubwa wenye suti. Walituambia kwamba masafa ya kati yanazimwa mwezi ujao na kila kitu kitakuwa kwenye simu. Watu wakapiga makofi, sijui wanapigia nini.

Saa saba na nusu nilikaa kwenye kipaza sauti. Miaka thelathini nimefanya kazi redio, sikuwahi kukikaribia. Niliandika karatasi, nikaisoma kama ilivyoandikwa:

"Hili ni sahihisho la tangazo la tarehe 16 Februari 1993. Aliyefariki alikuwa Doto Lugembe wa Lusu. Msiba ulikuwa Lusu. Aliyekosea kuandika ni mimi, Consolatha. Mume wangu Anselm Kasanda hakukosea. Habari ziwafikie Kulwa Lugembe wa Kaliua, na wote waliomsema marehemu Anselm, popote walipo."

Nilipotoka, korido ilikuwa imejaa watu. Mtangazaji mmoja kijana alitoa kofia yake, mwingine alijifanya anatafuta kitu mfukoni. Mwanamke wa mapokezi, ambaye tumekula naye miaka, hakuniaga. Nimeuona mwanzo wa kusemwa kwangu. Sokoni kesho itakuwa zaidi.

Levina alituma ujumbe: "Nimesikia." Hajaongeza neno.

Ijumaa, 14 Februari

Saa tano asubuhi simu ya mapokezi ya kituo iliita, wakaniita mimi. Sauti ya mzee, ya taratibu, lafudhi ya Kinyamwezi. Anaitwa Kulwa Lugembe, anapiga kutoka Kaliua.

Nilimpa shikamoo. Aliitikia marahaba, nikashukuru kwa hilo. Nikaanza maneno niliyoyaandaa, nimeyafanyia mazoezi wiki nzima. Hakuyataka. Akanikatiza, bila ukali, akaniambia lake. Mama yake alifika Kaliua asubuhi ya kesho yake baada ya tangazo akiwa amefunga khanga kichwani, akamkuta yeye Kulwa shambani anapalilia mahindi. Alimshika mikono, akamshika uso, akacheka. Alicheka sana, kasema Kulwa, alidhani hakuna msiba kabisa, redio imekosea tu. Akapika. Wakala wakafurahi siku mbili. Siku ya tatu ndipo alipokuja mtu kutoka Lusu. Mama aliishi miaka kumi na moja baada ya hapo, na kilichomwua si kwamba hakuzika. Ni kwamba siku anazikwa mwanawe, yeye alikuwa anacheka.

Nilivuta kiti nikakaa.

Akasema miaka yote hii amekuwa akimlaani Anselm Kasanda kwa jina. Kwenye matambiko, kwenye sala, alipopata mtoto, alipofiwa na mke. Aliposikia kwamba Anselm amefariki alinunua pombe akawapa watu. Sasa ameambiwa kwamba alimlaani mtu asiyehusika.

"Amezikwa wapi?" aliuliza.

Nikamwelekeza. Makaburi ya kanisa, ukiingia geti kubwa shika kushoto, mstari wa tatu, msalaba wa chuma uliopakwa rangi nyeupe. Nilimwambia nitamsubiri kituo cha treni, nimpeleke, alale kwangu, nyumba ipo.

"Nitakuja Jumamosi ya wiki ijayo," alisema. "Nataka kumwomba radhi. Wewe usije."

Nikasema sawa mzee. Akakata.

Jumamosi ya wiki ijayo ni tarehe ishirini na mbili. Kesho asubuhi nitakwenda kung'oa majani, mvua hizi zimeyarefusha na jina halisomeki, na nitaondoka kabla ya watu kuwa wengi. Tarehe ishirini na mbili nitashinda nyumbani.